Neno "Dead" kwenye Laini ya Kiriba

Walisema sitapanda hata nguzo moja. Baba yangu mdogo alilisema hilo mbele ya watu, kwenye sherehe ya ubatizo Kiriba: mtu aliyeshindwa kuchunga ng'ombe sita bila kupoteza mmoja hawezi kukabidhiwa umeme. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema Kiingereza changu kitaishia kwenye salamu. Nilipovuka Sirari kwenda Nairobi na mfuko wa nailoni, jirani mmoja alimwambia mama kwamba nitarudi na mfuko uleule. Nilirudi baada ya miaka tisa na diploma ya ufundi umeme, niliyoisomea jioni baada ya kubeba nyaya mchana kutwa kwenye stoo ya vifaa. Nilirudi pia na Kiingereza kilichowafanya mainjinia wenyewe wanipe barua zao niwasahihishie. Mfuko niliutupa njiani, upande wa Kenya.

Nilistaafu mwezi uliopita. Ninyi vijana wa kikosi cha laini mmeniomba niwaachie maandishi, na najua mlitegemea niandike jinsi nilivyopanda vyeo. Vyeo nilipanda, tena haraka kuliko wote, lakini havitawasaidia kitu. Nitawaandikia kuhusu neno moja la Kiingereza. Mtalitamka kila siku ya kazi, na siku mtakayolitamka mapema mno kutakuwa na mtu juu ya nguzo.

Neno lenyewe ni "dead".

Nilikutana nalo siku yangu ya kwanza pale stoo Nairobi. Msimamizi aliniambia nibebe vifaa vya "dead end", nivipeleke kwenye gari. Nikamuuliza, kwa heshima zote, gari linaelekea hospitali gani. Walicheka wiki nzima. Kumbe ni nguzo ya mwisho, mahali ambapo waya unafungwa na hauendi tena. Jioni ile nilinunua daftari, na kila nilipolisikia neno hilo nililiandika. Betri ikiisha ni "dead". Simu isiyotoa sauti ni "dead". Mtu mwenye hakika kabisa ni "dead sure", na hapo hajafa mtu. Ziwa likitulia bila hata wimbi ni "dead calm". Gari litembee polepole sana, "dead slow". Povu la pima maji likikaa katikati barabara, "dead level". Nyaya mbili zikigusana bila kizuizi chochote ni "dead short", ambayo kwa kweli iko hai kuliko zote, ninyi mnajua.

Sisi tungehitaji maneno mengi kuyasema hayo: imeisha, imekatika, kabisa, shwari, polepole, sawasawa, imekufa. Mwingereza analo moja na analitia kila mahali kama chumvi. Lakini niliona jambo ambalo sijawahi kulikuta kwenye kamusi yoyote. Mara nyingi mtu hulitumia neno hilo pale ambapo hataki tena kuangalia mara ya pili. Niliona hivyo, nikaandika hivyo kwenye daftari, halafu nikaendelea kuishi kama sikuandika.

Musoma nilipokelewa na mkandarasi wa laini ambaye stoo yake ilikuwa Buhare. Hapo ndipo nilipomkuta Mzee Wambura, fundi mkuu. Hakuwa na cheti hata cha ubatizo; kiliungua, alisema. Mkanda wake wa kupandia alikuwa ameushona upya mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Kabla ya kupanda alivua kofia, akasimama chini ya nguzo kimya, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Nilidhani anasali.

"Wewe ndiye Diploma?" aliniuliza asubuhi ile ya kwanza.

"Shikamoo mzee. Ndiye mimi."

"Marahaba. Hiyo diploma imesomea wapi, chini au juu?"

"Chini, mzee. Darasani."

"Basi leo ipeleke ikasome na juu."

Nilipanda vizuri sana. Baba mdogo hakuwepo kuniona, na hilo linaniuma hadi leo.

Mzee Wambura alikuwa na mnyororo wa jembe la kukokotwa na ng'ombe, aliotoka nao kwao Bunda. Ncha moja aliifunga kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini, halafu akaurusha mnyororo juu ya nyaya kabla mtu hajagusa kitu. Laini ikiwa hai, mnyororo unalipuka badala ya mtu. Nilipomuuliza anafanya nini alisema, "Naiuliza." Niliporudi stoo niliandika barua kwa Kiingereza kizuri, tukaletewa nyaya za athi zenye vibano, za kuiunganisha laini na ardhi, na kipimo kinacholia kikisikia umeme. Nikatangaza kwamba mambo ya minyororo ya jembe yamekwisha. Mzee akauweka mnyororo wake chini ya kiti cha gari.

"Haulagi chakula," alisema. "Uache ulale."

Butiama tulijenga laini kupita kwenye miinuko ya mawe. Mahali ambapo laini inakata kona, nguzo hushikiliwa na waya mnene unaoshuka ardhini, na mwisho wa waya ule kunazikwa gogo. Kwenye michoro gogo hilo linaitwa "deadman". Niliwatafsiria wenzangu, na kuanzia siku ile wakaliita marehemu. "Marehemu wa kona ya tatu ameshafika?" "Bado yuko kwenye lori." Shimo lake lina urefu wa mtu na linapita kiuno kwa kina, kwa hiyo tulipokuwa tunachimba wapita njia walivua kofia, wanawake wakateremsha mizigo kichwani. Mzee mmoja alikuja na fimbo yake akatuuliza tunamzika nani bila kuwaita wenyeji. Nilimweleza kwamba ni gogo tu. Alilitazama gogo pale shimoni, akanitazama na mimi, kisha akachota udongo akatupia. Wambura naye akatupia. Na mimi nikatupia, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshachota. Tangu hapo kikosi hakijawahi kufukia marehemu bila kila mtu kutupia udongo wake kwanza. Msiulize maana yake. Nguzo ile bado imesimama wima.

Kule Bunda, kwenye mashamba ya pamba, laini yetu mpya ilienda sambamba na ile kubwa ya nguzo za chuma. Ilikuwa haijaunganishwa popote, huku wala kule. Hata hivyo nilipougusa waya kwa nyuma ya kidole ulinichoma kidogo, kama mdudu, na vinyweleo vya mkono vikasimama. Darasani nilifundishwa kwamba waya mkubwa huuambukiza mdogo ulio jirani. Mzee Wambura hakufundishwa, lakini alikuwa na maelezo yake.

"Imekufa," alisema, "ila inaotaga ndoto."

Nilicheka. Jioni nilifungua daftari niandike maelezo ya kitaalamu, nikajikuta nimeandika ya kwake.

Sasa nifike Kiriba. Ile desturi mnayoilalamikia kila siku, kwamba kabla ya kazi lazima mmoja wenu aingie nyumba iliyo karibu na kuuliza kama kuna taa yoyote inayowaka, ilianzia huko. Mnasema inapoteza muda. Someni.

Mchwa walikuwa wamekula nguzo moja pembeni mwa shamba la mihogo, ikainama. Jumatatu nilikwenda na dereva wetu, Chacha, nikazitoa fyuzi tatu pale laini ya Kiriba inapochepuka kutoka kwenye laini kubwa, nikaziweka garini. Fyuzi zikiwa garini hakuna mtu wa kurudisha umeme kwa makosa. Jumatano tulirudi na nguzo mpya, tukiwa na Mzee Wambura. Saa tatu asubuhi niliweka kipimo kwenye nyaya zote tatu. Kimya. Kipimo chenyewe nilikuwa nimekijaribu asubuhi, kilikuwa kizima.

"Iko dedi," nikasema.

"Athi ziko wapi?" Mzee Wambura akauliza.

"Bunda, na kikosi cha pili."

"Kwa hiyo tunaisimamishia nguzo hivihivi?"

"Mzee, fyuzi zote tatu ziko ndani ya gari, unaziona. Umeme utatoka wapi? Ziwani?"

Chacha akacheka. Mzee hakucheka. Kwenye karatasi mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake, na nilikuwa nimeshaujaza mstari wa fomu unaosema laini ni "dead", nikatia sahihi yenye mkia mrefu. Nyaya za athi zikifungwa, hata umeme ukija kwa njia usiyoijua unaishia ardhini. Bila hizo, mtu aliye juu ndiye njia ya ardhini. Nililijua hilo kuliko wote waliokuwepo. Nililijua kwa lugha mbili.

Tulichimba, tukasimamisha nguzo mpya kando ya ile ya zamani, tukashindilia. Ilikuwa inakaribia saa sita. Kilichobaki ni mtu kupanda, azifungue nyaya kwenye nguzo mbovu na kuzihamishia kwenye mpya. Mzee Wambura alikuwa anajifunga mkanda pale bibi mmoja alipotokea upande wa mihogo. Nyumba yake ya bati ilikuwa hatua kama hamsini kutoka tulipo.

"Hamjambo wanangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiyo mnarudisha umeme?"

"Leo leo, bibi," nikasema.

"Msiharakishe basi. Taa ya mzee inawaka bila huo wenu."

Chacha akacheka tena. "Bibi, inawakaje? Umeme si umekatwa tangu Jumatatu?"

"Ndiyo inawakaga sasa. Mlipokata ndipo alipoanza kuja."

"Nani huyo?"

"Mafuru. Mume wangu." Alisema kama mtu anayetaja jirani aliye shambani. "Tumemzika juzi juzi tu, msimu wa kupalilia. Anakuja mchana. Jioni anaondoka."

Jina lake lilikuwa Bibi Nyangeta. Nilimweleza kwa sauti ile tunayotumia na wateja. "Bibi, laini hii imekufa. Nimeipima mwenyewe. Hakuna kitu ndani."

"Hata yeye daktari alisema hivyo," akajibu. "Kwamba hakuna kitu ndani."

Hakusema kwa ubishi. Akageuka kurudi kwake, na mimi nikamfuata. Msidhani niliona mbele. Nilikuwa na kiu, nikamwomba maji.

Alinipa maji kwenye kikombe cha bati, kisha akafungua mlango wa chumba cha ndani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kitanda kilitandikwa, na juu ya shuka palikuwa na kofia na fimbo, vimelazwa kama mtu anavyolala. Juu ya kitanda ilining'inia taa ya zamani, ile ya kioo cha duara yenye kiwaya ndani, ambayo siku hizi haiuzwi tena. Kiwaya kilikuwa chekundu. Hakikumulika chochote, hata ukuta. Kilikuwa chekundu tu, kama kaa lililofunikwa na majivu, na wekundu wenyewe ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka, polepole, kama kifua.

"Nimekuletea mgeni," Bibi Nyangeta akaiambia.

Wekundu ukapanda.

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa sina tena kazi ya kupoteza. Kwa sekunde kadhaa diploma yangu haikuwepo mle chumbani. Nilivua kofia ngumu. Nilitaka kumwamkia Mzee Mafuru, na midomo ilikuwa imeshafunguka. Halafu mwanga ukashuka tena, na katika kushuka kule nikatambua kitu nilichokijua: ndivyo mwanga unavyoshuka jenereta inapopewa mzigo. Mtu anamimina mahindi kwenye mashine ya kusaga, injini inakaza, taa inafifia. Mahindi yanaisha, injini inapata nafuu, taa inapanda. Mahali fulani palikuwa na mtu anasaga. Umeme wake ulikuwa unaingia kwenye transfoma yake kwa mlango wa kutokea, unakuzwa, unapanda kwenye laini yetu, na unashuka hadi chumba hiki kwa transfoma ya hapa, umechoka. Chini umechoka. Juu, kwenye nyaya, volti zake ni maelfu.

Na juu alikuwa Mzee Wambura.

Sikumbuki mlango. Nakumbuka mihogo ikinipiga usoni. Alikuwa ameshafika karibu na nyaya, ameshaegemea mkanda, mkono wa kulia umeinuliwa kuelekea waya wa kwanza.

"Mzee, shuka! Usiguse! Shuka!"

Hakuuliza kwa nini. Alirudisha mkono ule kifuani, akaikumbatia nguzo kama mtoto, akabaki hivyo. Kisha akaanza kushuka, hatua moja moja, mimi nikihesabu kila hatua. Alipofika chini alikuwa na rangi ya majivu.

"Nilikuwa nasikia kama nyuki," alisema. "Tangu nikiwa katikati. Nikasema ni upepo. Diploma ameipima."

Chacha alikuwa ameshautoa mnyororo wa jembe chini ya kiti. Sikumwagiza. Tukapigilia chuma ardhini, tukafunga, na Mzee Wambura akaurusha. Uliruka ukalalia nyaya.

Mlipuko ulikuwa wa bluu, mchana wa saa sita, mkali kuliko jua. Ndege walitoka kwenye mihogo yote kwa mara moja. Halafu, ng'ambo ya kilima cha mawe, mngurumo ukakatika. Hapo ndipo nilipojua kwamba kulikuwa na mngurumo. Nilikuwa nimeusikia masaa mawili mazima, nikiuchukua kuwa ndio ukimya wa Kiriba. Sasa ukimya wenyewe ulikuja.

Chacha alinipeleka kwa gari hadi ng'ambo ya kilima. Mwenye mashine alikuwa amekodi jenereta tangu Jumatatu, watu wakose umeme lakini wasikose unga. Alifungua asubuhi baada ya mimi kupima. Waya wa jenereta aliuunganisha palepale penye umeme wetu, bila swichi ya kubadilishia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hakika kwamba laini imekufa, kwa hiyo haiwezi kwenda popote.

Tuliporudi, Bibi Nyangeta alikuwa amesimama mlangoni.

"Mmemzima," alisema.

Nilikwenda kwake na kumweleza. Niliona ninawiwa maelezo kamili, nikampa yote: jenereta, transfoma ya kwanza, laini, transfoma ya pili, kile kiwaya cha taa ya zamani kinachoweza kuwa chekundu kwa umeme kidogo ambao taa za siku hizi hazigutushwi nao. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kama tunavyowasikiliza watu wa ofisini.

"Kwa hiyo siku zote tatu ulikuwa unga," alisema.

"Ndiyo, bibi. Ulikuwa unga."

"Nilimweleza mambo mengi. Mengine sijawahi kumwambia akiwa hai." Alitazama nyaya, kisha akanitazama mimi. "Hayo niliyomwambia, nani ameyasikia?"

Nina Kiingereza, Kiswahili, Kijita na Kijaluo cha kununulia samaki. Katika zote nne nilipata neno moja tu, pole, nikalisema.

Mzee Wambura alikuja pale akiwa bado na mkanda kiunoni. "Mama," akamwambia, "bila taa ile sasa hivi ningekuwa nimelala hapo chini. Niambie mimi. Nitakaa hapa hadi umalize."

Bibi alimtazama bila hasira yoyote.

"Wewe si yeye," alisema. Akaingia ndani.

Nilimtuma Chacha Bunda kufuata nyaya za athi. Tulisubiri juani zaidi ya masaa matatu, na hakuna aliyelalamika. Zilipofika nilipanda mwenyewe, nikazifunga kwa mkono wangu, nikazikagua, nikashuka, nikapanda nikazikagua tena. Tulihamisha nyaya. Karibu na jua kuzama nilikwenda kuzirudisha fyuzi, kisha tukapita tena pale shambani kuchukua ngazi na majembe.

Swichi ya chumba kile cha Bibi Nyangeta ilikuwa imeachwa imewashwa. Mwanga ulitoka kwenye nyufa za dirisha, mweupe, mkali, umetulia, haupandi wala haushuki. Tulisimama kando ya gari tukiutazama. Chacha alikuwa na ufunguo mkononi lakini hakuingia garini. Kisha tulisikia mlango wa ndani ukifunguliwa, swichi ikabonyezwa, na nyufa zikawa giza.